Mashine ya nyasi inazimika yenyewe: kabla hujakata nyaya za swichi ya kiti

Mashine nyingi za kukata nyasi za kukalia zinazofanya kazi Arusha na Moshi ni za zamani. Nyingine zimekuja mitumba, nyingine zimeachwa na mwenye nyumba aliyehama, nyingine hoteli ilizinunua mpya enzi hizo na bado inazitumia kwa sababu injini ni nzima. Injini ikiwa nzima, kinachobaki kusumbua ni umeme, na wa kwanza kulaumiwa ni swichi iliyo chini ya kiti. Fundi anaitwa, anainua kiti, anakata nyaya mbili na kuzisokota pamoja, anafunga tepu. Mashine inawaka, analipwa, anaondoka. Naandika haya kwa sababu nataka kazi ya namna hiyo ikome. Mara nyingi swichi haina kosa lolote, na hata ikiwa na kosa, kuna njia ya kuiponya bila kumwacha anayeiendesha bila kinga.

Visu vya mashine hizi vina kasi ya kutisha. Viwango vya Marekani, ambako mashine nyingi kati ya hizi zimetoka, vinaweka kikomo cha ncha ya kisu kwenye futi 19,000 kwa dakika, yaani karibu mita 96 kwa sekunde. Huku kwetu ukoka umeota juu ya udongo wa volkano wenye kokoto, na viwanja vingi vya miguuni mwa Meru na Kilimanjaro vina mteremko. Mtu akiteleza kutoka kitini, swichi ile ndiyo inayokata moto kabla mashine haijamfikia.

Swichi tatu, kazi mbili

Mashine ya kawaida ina swichi tatu za usalama. Moja iko chini ya kiti. Ya pili iko kwenye pedali ya breki, ambayo kwenye mashine za gia ndiyo hiyohiyo ya klachi. Ya tatu ni ya visu: kama visu vinaingizwa kwa mkono wa chuma, swichi imejificha kwenye fremu pale mkono unapoishia, kama vinaingizwa kwa klachi ya umeme, ni kile kitufe cha kuvuta juu kwenye dashibodi, mara nyingi cha manjano.

Kazi ya kwanza ya swichi hizo ni kuruhusu stata (mota ya kuwashia injini) izunguke. Sharti lake: pedali iwe imekanyagwa na visu viwe vimezimwa. Mashine nyingi za zamani hazijali kama umekaa au umesimama pembeni wakati wa kupiga stata, ingawa zipo zinazojali.

Kazi ya pili ni kuruhusu injini iendelee kuunguruma, na hapa sharti ni jingine. Ama mtu awe amekaa, ama breki iwe imefungwa na visu viwe vimezimwa. Moja kati ya hayo mawili likitimia, injini inaishi. Yote mawili yakikosekana, inazimwa palepale.

Hapo ndipo kipimo cha kwanza kinapopatikana, na hakihitaji hata bisibisi. Funga breki ya kuegesha, hakikisha visu vimezimwa, washa. Katika hali hiyo swichi ya kiti haina kauli. Injini ikikataa kuwaka hapo, acha kiti, tafuta kwingine. Ikiwaka na kutulia, kisha ikafa pale tu unapoachia breki ukiwa umekaa, sasa una sababu ya kuinua kiti.

Mashine yako inazimwaje?

Swali hili mafundi wengi hulivuka, na ndilo linaloamua kila kitu kinachofuata.

Injini nyingi ndogo za petroli, za Briggs & Stratton, Kohler au Kawasaki, hutengeneza cheche kwa magneto. Sumaku iliyo kwenye flaiwili, gurudumu zito linalozunguka na injini, inapita mbele ya koili, koili inatoa moto wa plagi bila msaada wa betri. Kwa hiyo huwezi kuizima kwa kukata umeme wa betri. Inazimwa kwa kuugusisha na bodi, yaani chuma cha mashine, waya mmoja mwembamba unaotoka kwenye koili, waya wa kuzimia. Waya huo ukigusa bodi mahali popote, cheche inakufa.

Kwenye mashine ya aina hii, kiti kikiwa kitupu swichi inaunganisha waya wa kuzimia na bodi. Mtu akikaa, inautenganisha. Sasa fikiria swichi hiyo imeingia kutu ndani na haiunganishi tena. Mashine itazimika? Hapana. Itawaka vizuri, itakata nyasi vizuri, na haitazimika mtu akianguka. Uchafu ndani ya swichi ya aina hii haukuletei usumbufu wowote. Unaondoa kinga kimyakimya. Kinyume chake, injini ikifa wakati umekaa, maana yake swichi haijatenganisha: haikubonyezwa vya kutosha, au imekwama, au waya umechunika na kugusa bodi. Hiyo ni shida ya chuma na waya. Kupuliza dawa ya kusafishia hakutasaidia.

Aina ya pili ni ile ambayo umeme wa betri unapita kwenye swichi ya kiti mtu anapokaa, kwenda kwenye relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme), kwenye koili ya betri na platini, au kwenye solenoidi ya mafuta (vali ya umeme inayofungulia mafuta) kama injini ni ya dizeli. Hapo mambo yanageuka. Swichi ikiingia kutu, umeme haupiti, injini inakufa. Huyu mgonjwa ndiye anayepona kwa kusafishwa.

Kujua una ipi, chomoa soketi ya swichi, weka multimita (kipima umeme) kwenye mlio, gusa meno ya swichi, yaani pini zake za chuma. Ikilia bila kubonyezwa na kunyamaza ikibonyezwa, ni ya kugusisha bodi. Ikinyamaza bila kubonyezwa na kulia ikibonyezwa, ni ya kupitisha umeme. Ikiwa na meno manne, huenda ndani kuna jozi mbili, moja ya kila aina, kwa hiyo pima jozi kwa jozi na uandike. Ikiwa na jino moja tu, njia ya pili ni bati la kiti lenyewe, na kutu kati ya swichi na bati hilo ni sehemu ya ugonjwa.

Kabla ya kuanza kupima

Mashine iwe kwenye tambarare, ufunguo nje, matairi yamezuiliwa kwa mawe au magogo, waya wa plagi umechomolewa kila mara mkono unapokaribia visu. Kisha chaji betri. Betri ya volti 12 iliyojaa inasoma karibu 12.6 ikiwa imetulia. Ikishuka chini sana ya 10 wakati stata inazunguka, iponye hiyo kwanza, kwa sababu relei zenye umeme mdogo huachia na kushika ovyo, na utaona dalili ambazo swichi hazihusiki nazo. Angalia fyuzi. Fungua waya mnene wa bodi pale unapofungwa kwenye fremu, piga msasa, funga tena kwa nguvu. Vumbi letu jekundu likichanganyika na maji ya kuoshea mashine huganda chini ya ile bolti na kuwa kizuizi.

Ufunguo unageuka, stata kimya

Hili mara nyingi si la kiti. Kanyaga pedali hadi mwisho, kisha ongeza nguvu ya mguu huku ufunguo umeshikwa kwenye kuwasha. Stata ikikurupuka, swichi ya breki imesogea au kishikio chake kimepinda. Ingiza visu na uvizime mara kadhaa, uviache vimezimwa, kisha jaribu tena. Bado kimya? Fuata umeme kwa taa ya kujaribia: kutoka ufunguo, kwenda swichi ya breki, kwenda swichi ya visu, hadi solenoidi ya stata. Taa inapokufa njiani, umefika.

Stata inazunguka, injini haishiki

Mafuta kwanza. Petroli iliyolala kwenye tangi tangu vuli imeshaharibika na kabureta imeshalalamika. Mafuta yakiwa sawa, pima cheche. Zikikosekana, tafuta waya wa kuzimia mahali unapotoka chini ya kava la injini, uchomoe, pima cheche tena kwa kupiga stata.

Cheche zikirudi, koili ni nzima na kuna mahali waya unagusa bodi. Zisiporudi, tatizo liko kwenye injini yenyewe: plagi, koili, au nafasi kati ya koili na flaiwili. Kipimo hiki kimoja kinaigawa mashine nzima katika nusu mbili. Ila ukumbuke kwamba waya huo ukiwa umechomolewa, ufunguo hauzimi injini. Usiiache iwake hivyo. Pima cheche tu, kisha urudishe waya.

Na jambo la kushikilia: usiingize umeme wa betri kwenye waya wa kuzimia kwa namna yoyote, hata kwa kugusisha kidogo. Volti 12 zinaiunguza koili. Kwenye injini za silinda mbili zenye koili mbili kuna daiodi ndogo, zinazopitisha umeme upande mmoja tu, katikati ya nyaya hizo, nazo zinakwenda pamoja na koili.

Kama waya unagusa bodi, anza kwenye bawaba ya kiti. Kiti kinainuliwa na kulazwa kila siku, na nyaya zinapita hapohapo. Zikikosa klipu yake zinabanwa kati ya bati na fremu mpaka ngozi inatoka. Kisha tafuta panya. Mashine ikihifadhiwa stoo moja na mahindi au chakula cha kuku, panya hujenga chini ya kava la injini, na hutafuna waya upande usioonekana. Pitisha vidole, usitegemee macho.

Inawaka vizuri, ukiachia breki inazimika

Hii ndiyo dalili halisi ya kiti, na hapa inafaa kwenda polepole.

Inamisha kiti mbele, uitazame swichi. Nyingi ni za plastiki, zimeingizwa kwenye tundu la bati la kiti na kuzungushwa robo mduara ili zishike. Meno ya plastiki yakivunjika, swichi inaning'inia nusu ndani, nusu nje. Ukiibonyeza kwa kidole inafanya kazi, ukikaa inarudi nyuma badala ya kubonyea.

Ikiwa imeshika vizuri, ipime kwa multimita kama nilivyoeleza. Watu wengi hukomea hapo: swichi inafanya kazi kwa kidole, basi ni nzima, basi tatizo ni jingine. Sivyo. Kidole chako kinaisukuma hadi mwisho. Kiti huenda hakifiki. Kwa hiyo unganisha nyaya ndefu kutoka meno ya swichi hadi kwenye mita, rudisha kiti, kaa kama unavyokaa kazini, na mwenzako asome. Jiegemeze kushoto, kulia, mbele. Nyanyua mguu mmoja. Mlio ukibadilika unapoinama kidogo tu, umeupata ugonjwa, na hauko ndani ya swichi.

Uko wapi basi? Angalia bati la chini ya kiti. Kwenye mashine za miaka mingi bati hupasuka kuanzia tundu la bolti, ufa mwembamba wenye mstari wa kutu, na kiti kinakaa upande mmoja. Ufa kama huo unachomelewa na kuongezewa kipande cha bati juu yake. Angalia bolti na bushi za bawaba: zikilika, kiti kinacheza na kufika pembeni ya kitufe badala ya katikati. Angalia springi mbili zinazokiinua kiti mtu anapotoka. Majani makavu na vumbi hujaa ndani ya mizunguko yake na kugandamana kama tofali, springi haishuki tena. Zing'oe, zisafishe, zirudishe.

Angalia pia godoro la kiti. Kiti kikichanika hupelekwa kwa fundi wa makochi, naye kwa nia njema anaongeza sponji nene ili mteja akae vizuri. Kama ameondoa ubao au bati lililokuwa ndani, uzito wa mtu unasambaa pembeni na katikati hakushuki. Mwambie arudishe ubao.

Na uzito wa mtu wenyewe unahesabika. Springi zilizokusudiwa mtu mnene hazitashuka sawasawa chini ya kijana mwembamba anayetunza bustani. Viti vingi vina nafasi ya kurekebisha springi au kuzisogeza. Kama havina, tafuta springi laini zaidi yenye urefu uleule. Usiziondoe kabisa. Bila springi kiti hakiinuki, swichi inabaki imebonyezwa siku zote, na ni sawa na kuwa umeiunga dairekti.

Watu huniuliza kuhusu kubandika kipande cha mpira au bati kwenye kiti ili kifikie kitufe. Nakubali kwa sharti moja: kiti kikiwa kitupu, mita ionyeshe kwamba swichi imeachia kabisa, na ionyeshe hivyo mara zote unapojaribu. Kama haiachii, kipande kitoke.

Kuna jambo la soketi ambalo limewapoteza wengi. Mtu anachomoa soketi ya swichi akidhani kwamba sasa swichi haipo na mashine itawaka. Haiwaki, basi anahitimisha kwamba swichi ni nzima. Kwenye mashine nyingi, ndani ya soketi ya upande wa waya kuna kibati kidogo cha springi ambacho hujiunga chenyewe soketi inapochomolewa, ili mtu asiishinde kinga kwa kuchomoa tu. Ukimulika kwa tochi utakiona. Wakati mwingine kibati hicho hupinda na kubaki kimejiunga hata soketi ikiwa imerudishwa mahali pake, na hapo mashine inajizima ingawa swichi haina doa. Kiinue taratibu kwa ncha ya sindano, rudisha soketi mpaka isikike inashika, pima tena.

Inazimika ukiingiza visu

Sikiliza namna inavyokufa. Ikikatika ghafla, kama mtu aliyegeuza ufunguo, umeme umekatwa: rudi kwenye kiti, kisha swichi ya visu. Ikipunguza nguvu, ikakohoa na kufa, injini imezidiwa. Hapo tafuta mkanda uliovuka, bearingi ya kisu iliyokwama, ukoka mbichi uliojaa chini ya deki (bati linalofunika visu), au kabureta chafu. Swichi haiwezi kuifanya injini ikohoe taratibu.

Mashine zenye klachi ya umeme zina ugonjwa wao. Klachi inavuta umeme wa kutosha kuishusha betri dhaifu, na ikiwa koili yake imeanza kuungana ndani inavuta zaidi, relei inaachia, injini inakufa. Pima upinzani wa koili ya klachi ikiwa imechomolewa. Nyingi husoma kati ya omu 2 na 4. Ikiwa karibu na sifuri, klachi ndiyo mla umeme. Kwenye injini inayowaka, betri isome volti 13.5 hadi 14.5, la sivyo haichajiwi.

Inazimika kwenye matuta

Mtu anarushwa kidogo, uzito unatoka kitini, injini inakatika nukta moja. Kama bustani ina mashimo na mizizi, swichi inafanya kazi yake. Punguza mwendo. Kama inakatika hata mahali palipo sawa, rudia kipimo cha kukaa na mita, na tikisa nyaya huku mwenzako akisikiliza mlio. Waya uliokatika ndani ya ngozi yake hauonekani kwa nje, unajulikana kwa kutikiswa.

Baadhi ya mashine za John Deere za miaka ya 1990 zina kisanduku kidogo cha kuchelewesha, kinachoipa injini sekunde chache kabla ya kukata moto ili isizimike kwa kila tuta. Kisanduku hicho kikifa, mashine inakuwa na hasira kwa kila mtikisiko ilhali swichi na kiti ni vizima. Mafundi hubadilisha swichi bila kupata nafuu, kisha wanaunga dairekti kwa kukata tamaa. Kitafute kwenye mchoro wa umeme wa mashine hiyo kabla ya kununua swichi.

Asubuhi inasumbua, mchana inapona

Maji. Ama mashine imelala nje kwenye umande na mvua ya masika, ama imeoshwa kwa pampu ya presha. Kwenye mahoteli ya Arusha na Usa River nimeona wafanyakazi hodari wanaoiosha mashine kila jioni ikang'aa, na maji yanaingizwa kwa nguvu chini ya kiti na kwenye soketi za dashibodi. Fungua soketi moja moja. Ukiona unga wa kijani kwenye meno ya shaba, au jino moja limekuwa jeusi kuliko wenzake, hapo ndipo. Sugua kwa msasa laini au mswaki mkavu, puliza dawa ya kusafishia viungo vya umeme, acha pakauke, paka grisi nyembamba isiyopitisha umeme, funga. Kuanzia siku hiyo mashine iondolewe majani kwa ufagio na upepo, na maji yaishie kwenye deki.

Inazimika ukirudi nyuma

Mashine nyingi za miaka ya karibuni zimewekewa kizuizi cha kukata nyasi huku unarudi nyuma. Kwenye hizo, kuzimika ukirudi nyuma na visu vinazunguka si ugonjwa. Zima visu kwanza, kisha rudi.

Haizimiki mtu akiinuka

Hakuna mteja aliyewahi kuniita kwa dalili hii, na ndiyo mbaya kuliko zote. Mashine inawaka, inakata, kila mtu ameridhika. Ndiyo maana naitafuta mwenyewe kwenye kila mashine, hata niliyoletewa kwa sababu ya tairi.

Inua kiti. Soketi imekatwa na nyaya zimesokotwa? Kitufe kimefungwa kwa rababendi, au kwa waya, au kimegandishwa na gundi? Ondoa vyote. Kama hakuna alama ya mkono wa mtu, basi swichi imechakaa ndani, au waya wake wa kwenda kwenye bodi umekatika, au bolti inayoushikilia imejaa kutu. Pima kutoka jino la bodi la soketi hadi kwenye fremu tupu: mita isome karibu na sifuri. Kwenye injini ya silinda mbili, silinda moja ikiendelea kugonga baada ya ufunguo kuzimwa, daiodi ya upande huo imekufa.

Mashine hiyo isiende uwanjani mpaka imepona. Kama ni ya shule, mwambie mkuu moja kwa moja, siyo dereva wa mashine peke yake, kwa sababu dereva hana sauti ya kukataa kazi na watoto wako uwanjani hapohapo.

Jampa ni ya kupimia

Kipande cha waya cha kuunganisha au kuruka swichi ni kifaa halali cha fundi, kama ilivyo mita. Unakiweka ukiwa umejua swichi ni ya aina gani, visu vikiwa vimezimwa, mkanda wa visu ukiwa umetolewa, unaona injini inasemaje, unakitoa. Mimi hutumia waya mwekundu mrefu wa nusu mita wenye klipu mbili kwenye ncha, ili usiweze kusahaulika chini ya kiti. Kinachonikera ni kipande kifupi cheusi kilichofichwa ndani ya tepu, kinachosubiri mtu asiyejua kipo.

Kununua swichi nyingine

Nenda dukani na swichi ya zamani mkononi. Namba iliyochapwa kwenye plastiki ndiyo ya kuaminika. Safisha kwa petroli kidogo uisome. Rangi na umbo haviaminiki. Kuna swichi mbili zinazofanana kama pacha, tundu lilelile, meno yaleyale, lakini moja inaunganisha ikibonyezwa na nyingine inatenganisha. Ukifunga isiyo yake, mashine inageuka: unakaa inakufa, unainuka inaweza kuwaka. Pima palepale kaunta kabla hujalipa.

Kama namba haipatikani Arusha wala Moshi, maduka ya vipuri vya magari yana swichi za kitufe zinazoweza kufaa, ila zipimwe aina, zishike kwa kishikio imara, na urefu wa kitufe ulingane. Nyaya zichomelewe kwa risasi na kuvalishwa mpira wa kusinyaa kwa joto. Kusokota na kufunga tepu chini ya kiti hakudumu msimu mmoja. Jasho, umande na mtikisiko vinafungua.

Kuirudisha kazini

Tafuta tambarare, watu na watoto wawe mbali, mkanda umerudishwa. Kwanza jaribu kupiga stata bila kukanyaga pedali: isizunguke. Kanyaga pedali lakini ingiza visu: isizunguke. Zima visu, funga breki, washa, inuka kitini: injini iendelee, kama kitabu cha mashine hiyo kinasema hivyo. Kaa, achia breki bila kuingiza gia, nyanyua makalio miguu ikiwa bado juu ya mashine: ife. Washa tena ukiwa umekaa, ingiza visu, nyanyua makalio vilevile: ife. Mwisho, washa, ingiza visu, kisha vizime kwa mkono wa chuma au kitufe chake huku mwenzako anahesabu kutoka mbali. Vitabu vya watengenezaji wengi vinataka visimame ndani ya sekunde 5. Vikichelewa, breki ya visu au mkanda umechakaa, na hiyo ni kazi nyingine ya kufanywa kabla mashine haijatoka.

Jaribio hilo lirudiwe kila mashine inapotolewa stoo baada ya mvua, na kila inapobadilishiwa kiti, betri au mkanda wa visu. Andika tarehe na aina ya swichi kwa kalamu ya rangi kwenye bati, chini ya kiti, mahali ambapo fundi anayefuata ataweka mkono wake kwanza.